Pijo Ndani ya Stoo ya Chumvi

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Mbeya iliamka ndani ya ukungu. Mlima Loleza haukuonekana kabisa, na manyunyu yaliyoanza tangu alfajiri yalikuwa yakidondoka kwenye mabati ya Sokomatola bila haraka na bila dalili ya kukoma. Mwaka huo Ramadhani na Kwaresma vilikuwa vimeangukia pamoja, kwa hiyo moshi wa chai ulikuwa haba katika nyumba nyingi za mtaa ule, za Waislamu na za Wakristo.

Rukia alikuwa anafagia maji uani aliposikia geti likigongwa. Alikuwa Sifaeli, fundi bodi, aliyerudi jana yake jioni kutoka Kilolo alikokwenda kumzika baba yake mdogo.

"Pole na msiba, fundi."

"Tumeshapoa, mama. Tumemhifadhi vizuri. Pole na wewe na swaumu."

"Asante. Na nyie na Kwaresma yenu. Gari lako lipo palepale ulipoliacha, hakuna aliyeligusa."

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404, pikapu, la marehemu Mzee Haji, baba mkwe wake Rukia. Makame, mume wa Rukia, na kaka yake Nasri aliyeishi Iringa walikuwa wamekubaliana kulifufua. Injini ilikuwa inawaka, mlango mmoja tu ulikuwa unagoma. Kazi kubwa ilikuwa chini, tumboni mwa gari, ambako matope na rangi ya zamani vilikuwa vimegandamana mpaka mtu hajui chuma kinaanzia wapi. Sifaeli alikuwa amelala chali chini ya Pijo lile siku baada ya siku, akikwangua kwa brashi ya waya na griinda, mpaka chuma kikatoka cheupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Ilikuwa imebaki kulipaka rangi ya kuzuia kutu, na juu yake ile rangi nzito nyeusi inayostahimili kokoto na maji. Ndipo simu ya msiba ikaja.

Sifaeli aliita vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wanajikinga mvua kwenye kibaraza cha jirani. Wakalisukuma gari kutoka kwenye stoo ya nyuma, wakalileta chini ya turubai palipokuwa na mwanga. Fundi akatandika gunia, akajilaza, akaingia chini na tochi yake.

Tochi ikazunguka huku na huku.

"Mama," sauti ilitoka chini. "Kuna mtu kamwagia maji huku?"

"Nani amwage maji? Stoo ilikuwa imefungwa."

Alitoka akiwa ameinua vidole vyake viwili. Vilikuwa na unga wa rangi ya machungwa. Rukia akainama kuchungulia. Chuma chote kilikuwa kimebadilika. Upande wa kushoto ndio uliozidi, umeota kutu kama ukoga kwenye mkate.

Makame akatoka ndani akiwa na koti begani. Alikuwa amerudi kutoka Makongolosi, ambako hupeleka chumvi kwa wenye maduka ya machimboni, na kwa siku zote ambazo gari lilikuwa stoo yeye hakuwapo. Jumamosi kaka yake angefika kuangalia kazi ilipofikia. Aliinama, akatazama, akainuka taratibu.

"Hiki ndicho nilicholipia?"

"Mzee, mimi niliiacha nyeupe. Mama ni shahidi."

"Uliiacha uchi ukaenda kunywa pombe ya msibani."

"Nilienda kuzika, mzee."

"Kwa nini hukupaka rangi kwanza?"

"Nilimweleza mama. Siku ile kulikuwa na ukungu kama huu, chuma kilikuwa kinatoa jasho. Ukipaka juu ya unyevu umekifungia kutu ndani, inakula huku wewe unaona kunang'aa. Nikasema tusubiri jua."

"Jua!" Makame aliwageukia vijana wa bodaboda. "Mnamsikia? Anasubiri jua la Mbeya mwezi wa tatu!"

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Huyo angesubiri theluji, ingewahi kuliko jua," wakacheka tena.

Mlango wa geti ulikuwa wazi na watu walikuwa wanapita kwenda sokoni. Makame akatoka mpaka barabarani, akapaza sauti kama mnadi. "Jamani, mtazameni vizuri huyu! Akija kwenu mumjue! Watu wana mafundi wa kutoa kutu, mimi nimemwajiri fundi wa kupanda kutu! Fundi Kutu!" Kisha akarudi, akaiokota griinda, akaokota jeki na sanduku la brashi. "Hivi vinabaki hapa mpaka unilipe hasara yangu."

"Mzee, hivyo ndivyo ninavyolia ugali."

"Lia kwa macho."

Sifaeli alimtazama Rukia. Alimtazama kwa sababu Rukia ndiye aliyekuwapo siku ile, na ndiye aliyesema, "Fundi, mvua inakuja, lisukume ndani ya stoo, pale pakavu." Rukia alifungua kinywa. Makame alikuwa amekwishampita na vile vifaa, akiingia ndani, na kinywa kikajifunga chenyewe. Fundi akakunja gunia lake, akaondoka na manyunyu.

Mchana Rukia aliingia stoo kufagia. Ilikuwa tupu. Chumvi ilikuwa imehamishiwa kwenye banda jipya la mbele, na kwa ajili ya Ramadhani yeye mwenyewe alikuwa ameipaka stoo chokaa, akajisifu moyoni jinsi ilivyopendeza. Sasa chokaa ilikuwa imevimba kwenye ukuta wa kushoto, inabanduka na kudondoka kama unga wa muhogo. Nyuma yake ukuta ulikuwa unatoka matone. Sakafu nayo ilikuwa na madoa meusi ya unyevu, ingawa paa halikuvuja.

Alisimama akitazama. Akapitisha kidole ukutani, akakigusa kwenye ncha ya ulimi kama mpishi anavyoonja mchuzi mchana wa Ramadhani, akatema haraka.

Chumvi.

Magunia ya Mzee Haji yalikaa mle tangu Makame hajaoa. Yaliegemea ukuta ule ule wa kushoto, yakimwagika, yakilowana kila masika, chumvi ikinywewa na matofali na sakafu. Rukia alikuwa anajua kwamba bawaba za mlango ule hazidumu. Alikuwa anajua kwamba kisu ukikisahau mle unakikuta kimekufa. Aliyajua yote kama mtu anavyojua njia ya chooni gizani, bila kuyafikiria. Chumvi ndiyo iliyowalisha, ndiyo iliyomsomesha binti yao Nasrin, ndiyo iliyowajengea nyumba. Haikumjia hata mara moja kwamba inaweza kumdhuru mtu. Na fundi wa watu, mgeni kutoka Kilolo, aliona ukuta mweupe na sakafu iliyofagiliwa, akashukuru.

Siku hiyo aliswali adhuhuri vibaya. Ulimi ulisoma, moyo ulikuwa stoo.

Baada ya kufuturu alimsubiri mumewe anawe mikono.

"Baba Nasrin, ile kutu si ya fundi. Ni stoo. Ukuta wote ni chumvi. Mimi ndiye niliyemwambia aliingize mle."

Makame alikaa na taulo mkononi. Hakushtuka kama mkewe alivyotarajia, na hapo Rukia akaelewa kwamba mumewe naye alikuwa amekwishapita stoo mchana ule.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie. Nimeshaongea na kaka, nimemwambia fundi kaniharibia. Sasa nimpigie tena nimwambie nini? Kwamba mke wangu kachukua gari ya baba kaitia kwenye chumvi? Unamjua Nasri. Itazungumzwa Iringa nzima, kwenye kila harusi."

"Na Sifaeli?"

"Sifaeli zikipita siku mbili tatu nitamrudishia vitu vyake kimya kimya. Nitampa na kitu kidogo cha sikukuu. Mimi si mtu mbaya, Mama Nasrin."

Hakuwa mtu mbaya, kweli. Rukia alikuwa ameishi naye na alijua. Alikuwa mtu anayemwogopa kaka yake tu.

Ijumaa, sokoni, Rukia alikuwa kwenye meza yake ya chumvi na dagaa. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, ardhi yote ilikuwa tope. Aliona mwanamke kijana akija kwa kupenya kati ya meza, amejifunga kitenge cha kijani. Alimtambua. Ni Devota, mke wa Sifaeli, aliyekuwa akimletea mumewe chakula siku za kazi kabla ya mfungo. Alipofika mbele ya meza, Devota akapiga magoti mawili kwenye tope, kama wanawake wa kwao wanavyomsalimia mtu mzima.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Inuka, utachafuka."

Hakuinuka. "Mama, sijaja kwa ubaya. Naomba unisaidie griinda tu. Jeki ikae, sanduku likae. Kuna mtu wa Uyole ana lori anataka libandikwe viraka, amesema Sifaeli aje na vifaa vyake. Tulikwenda kuazima kwa mafundi wenzake pale Mafiati, wakacheka. Wanasema, nani amwazime Fundi Kutu."

Rukia akaacha kupanga dagaa.

"Sasa anafanya nini?"

"Anabeba zege. Jana karudi bega limechubuka, akasema ni mazoezi." Devota alijaribu kutabasamu. "Hajakulaumu, mama. Anasema pengine ni kweli alikosea mahali, anajiuliza tu ni wapi. Hata kulala halali vizuri, anajiuliza."

Muuza nyanya wa meza ya pili, mwanamke mwenye mdomo, akapaza sauti: "Mama Nasrin leo unaabudiwa! Na sisi tuje na sadaka?" Wateja wakacheka. Rukia akazunguka meza, akamshika Devota mikono yote miwili, akamwinua. Kitenge kilikuwa kimelowa tope mpaka mapajani. Akachukua kanga yake ya mabegani akaanza kumpangusa, mbele ya soko zima, na Devota akawa anasema, "Acha mama, acha jamani, nitafua."

"Kesho jioni njooni nyumbani kufuturu. Wewe na mumeo."

"Kufuturu?" Devota alishangaa. "Na Mzee Makame?"

"Na yeye atakuwepo, ni kwake. Njooni."

"Sifaeli kaacha nyama mpaka Pasaka."

"Basi atakula viazi. Mungu anayewafungisha nyie ndiye anayetufungisha sisi, hatakosa cha kutulisha."

Akitoka sokoni alipita kwa mjumbe wa mtaa, Mzee Benjamini, mwalimu mstaafu wa kanisa la Moravian, akamwalika naye. Mjumbe akauliza kama kuna neno. Rukia akasema, "Kuna neno, mzee, ila niombee nisilisahau likifika mdomoni."

Jumamosi alasiri Nasri aliwasili na basi kutoka Iringa, mtu mkubwa wa mwili na sauti, mfanyabiashara wa vitambaa. Alichuchumaa kwa shida kando ya Pijo, akachungulia, akainuka akisonya.

"Na wewe ulikuwa wapi mtu anakufanyia hivi?"

"Makongolosi, kaka. Kutafuta riziki."

"Ungetafuta na akili."

Makame akacheka kicheko kifupi, kile anachokicheka mbele ya kaka yake tu. Rukia alikisikia kutoka jikoni.

Jua lilipokaribia kuzama mkeka ulikuwa umetandikwa barazani: tende, uji wa pilipili manga, magimbi ya nazi, viazi, tambi, na maharage kwa ajili ya mtu wa Kwaresma. Mzee Benjamini alikuja akiwa amevaa tai. Halafu geti likafunguka tena, wakaingia Sifaeli na Devota. Sifaeli alikuwa na shati safi na bega moja lilikuwa limeshuka.

"Nani kamwita huyu?" Makame aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi," alisema Rukia.

Adhana iliwaokoa. Mkono wa kila mmoja ukaenda kwenye tende, Mzee Benjamini naye akafumba macho akasali ya kwake. Ndugu wawili wakaswali magharibi, Rukia akaswali ndani, wakarudi mkekani. Uji ukamiminwa. Nasri alikunywa bakuli moja, akalitua, akamtazama Sifaeli.

"Kwa hiyo ndiye huyu. Fundi Kutu mwenyewe. Karibu, kula. Ila usiguse sufuria zetu, zitatoboka."

Makame akacheka. Sifaeli akatazama kiazi alichokuwa amekishika. Rukia alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni na Devota ubavuni. Alitamka bismillahi kimoyomoyo, akasimama.

"Shemeji, kutu ile niliitia mimi."

"Mama Nasrin," alisema Makame.

"Ngoja, Baba Nasrin. Shemeji, fundi alikwangua mpaka chuma kikawa cheupe. Mvua ilipotaka kunyesha, mimi ndiye niliyemwambia alisukume kwenye stoo ya zamani. Yeye hakujua ni stoo ya nini, nilikuwa nimeipaka chokaa. Chuma kitupu kililala mle, ubavuni mwa ukuta wa chumvi wa marehemu. Nenda ukaguse ukuta, sasa hivi, halafu ulambe kidole. Umeshafungua, haina neno."

Nasri alikwenda kweli, na tochi ya simu. Watu walimsikia akikohoa mle stoo. Aliporudi alikaa kwa uzito.

"Baba hakuwahi kuliingiza mle," alisema. "Hata mvua ya mawe inyeshe. Analiacha pale nje, chini ya turubai. Sisi tukasema mzee anayapenda magunia yake kuliko gari." Akatikisa kichwa, kisha uso ukafunguka, akapiga paja. "Lakini shemeji! Watu wanaweka papa kwenye chumvi, wewe umeweka Pijo!"

Kicheko kikalipuka. Mzee Benjamini alicheka mpaka akavua miwani. Hata Devota alijiziba mdomo kwa kitenge. Rukia alisimama pale mlangoni akakisikiliza chote, akijua kwamba kitapanda basi kesho kwenda Iringa na kwamba kitamsubiri kwenye harusi nyingi. Aliona bado ni chepesi kuliko ule ukimya wake wa Jumatano.

Sifaeli hakuwa amecheka. "Na mimi nina sehemu yangu," alisema. "Fundi akiingiza kazi mahali anauliza, hapa palikuwa pa nini? Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya msiba. Siku zote hizi najiuliza nilikosea wapi, sasa nimepajua." Akamgeukia Nasri. "Gari haijafa, mzee. Ile kutu bado ni ya juujuu. Ioshwe kwa maji baridi mengi mpaka chumvi yote itoke, ikaushwe kwa jiko la mkaa huku na huku, ikwanguliwe, na ipakwe saa ileile kabla haijapoa. Pale pale nje. Sio ndani."

"Umesikia?" Nasri alimwambia mdogo wake.

"Nimesikia." Makame alikuwa anatazama mkeka. Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na griinda na sanduku, jeki chini ya kwapa. Akaviweka karibu na miguu ya Sifaeli bila kumwangalia. "Vifaa vyako hivi. Yaishe."

"Tunashukuru sana, mzee," alisema Devota, na magoti yake yakaanza kukunjika.

Rukia akamshika mkono juu ya kiwiko, akamzuia. "Usipige goti. Leo usipige." Kisha akamtazama mumewe, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa sauti anayotumia kumwamsha daku. "Baba Nasrin, hukumtukana kimya kimya."

Makame akamtazama kaka yake, kama mtu anayetafuta mlango. Nasri alikuwa ameshika bakuli lake la uji akilichunguza kana kwamba kuna kitu kimeandikwa chini. Mzee Benjamini akavaa miwani yake. Barabarani mtu alipita akipiga mluzi, mluzi ukaenda mpaka ukapotea, na hakuna aliyesaidia.

Makame akageuka akawaelekea wote. Akasimama sawasawa, mikono ikiwa haijui pa kukaa, halafu akaiacha ikaning'inia.

"Kaka, unanisikia. Mzee Benjamini, wewe ni mjumbe, unanisikia. Mke wangu. Na wewe mama, mke wa Sifaeli." Akamgeukia Sifaeli. "Jumatatu asubuhi nitakwenda Mafiati na huyu bwana, kwa miguu, watu watuone. Pale wanapokaa mafundi nitasimama, na nitasema kwa sauti ileile niliyomtukania, kwamba Sifaeli alifanya kazi yake vizuri, na kwamba aliyeharibu ni nyumba yangu, na aliyesema uongo ni mimi. Wakinicheka nitasubiri wamalize, halafu nitasema tena. Nimetamka haya nikiwa ndio kwanza nimefungua funga ya leo, na Mungu ananisikia kama mnavyonisikia."